Mali bila daftari: Wavuvi wetu nao waandikwe

Asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 2019, Wakenya wengi walikuwa wamekodoa macho mbele ya runinga wakimtazama Eliud Kipchoge akikimbia katika jiji la Vienna, nchini Austria. Alimaliza mbio za kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hata hivyo, mwanafunzi akifungua orodha rasmi ya rekodi za riadha, muda huo hataukuta. Mashindano yale hayakuwa ya wazi, na wakimbiaji wa kumshikilia kasi walikuwa wakipokezana njiani, jambo ambalo kanuni haziruhusu. Miaka minne baadaye, tarehe 8 Oktoba 2023, marehemu Kelvin Kiptum alikimbia mjini Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Muda wake ulikaguliwa, ukaidhinishwa mapema Februari 2024, na siku chache tu baada ya hapo mauti yakamfika katika ajali ya barabarani. Alituacha, lakini jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Nimeanza na riadha kwa kuwa ndiyo lugha ya rekodi ambayo kila Mkenya anaielewa. Kutenda ni jambo moja, kutambuliwa ni jambo jingine, na baina ya mawili hayo pana kanuni, mashahidi na kalamu. Leo ningependa msomaji anifuate hadi uwanja mwingine ambao hautajwi sana madarasani ijapokuwa uko mlangoni petu, nao ni ule wa kuwatambua rasmi watu waliovua samaki wakubwa kupindukia baharini. Huenda mtu akauliza, mhadhiri wa isimu na samaki wapi na wapi? Namwomba asubiri kidogo; samaki huyu ana maneno mengi tumboni.

Uvuvi ninaouzungumzia ni ule wa michezo. Mtu hukodi mashua au huimiliki, akaenda kilindini na ufito wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, haja yake ikiwa ni kupambana na samaki wala si kutafuta kitoweo. Huku kwetu wavuvi wa aina hii huonekana Malindi, Watamu, Kilifi na Shimoni, hasa wakati wa kaskazi, ambapo nduaro, sulisuli na jodari hupita karibu na pwani yetu.

Hapo zamani vilabu vya mchezo huu vilikuwa na masharti yake kila kimoja. Klabu ya Tuna ya Kisiwa cha Santa Catalina, California, iliyoanzishwa mwaka wa 1898, iliwawekea wanachama wake kanuni kuhusu zana walizoruhusiwa kutumia. Kwingineko kanuni zilikuwa tofauti, na hivyo aliyejigamba kwamba amevunja rekodi Australia hakuweza kulinganishwa kwa haki na aliyejigamba Marekani. Mwaka wa 1939, Michael Lerner na wenzake walikutana katika jumba la makumbusho ya viumbe asilia jijini New York, wakaunda shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo ambalo hujulikana kwa herufi zake, IGFA. Mwanzoni lilishughulika na samaki wa maji ya chumvi pekee. Wale wa maji baridi waliongezwa mwaka wa 1978. Makao yake sasa yako Florida, na orodha yake ndiyo inayokubaliwa na wavuvi wa michezo takriban ulimwenguni kote.

Kanuni zenyewe ni kali, na walimu wa sayansi watazipenda. Mvuvi sharti amnase samaki, apambane naye na kumleta ubavuni mwa chombo pasi na kusaidiwa. Mtu mwingine akishika ufito wakati wa mapambano, samaki huyo hahesabiwi. Samaki hupimwa nchi kavu, kamwe si chomboni, kwa sababu chombo huyumba na mizani ikadanganya. Mizani nayo lazima iwe imekaguliwa na kuthibitishwa katika kipindi cha miezi 12 iliyotangulia, na uzito wa kamba iliyomning'iniza samaki huondolewa. Mwombaji hupeleka picha za samaki, za ufito na za mizani, pamoja na kipande cha mshipi aliotumia chenye urefu wa mita 15 na ushei ili nguvu zake zikajaribiwe. Isitoshe, samaki mkubwa hawezi kuvunja rekodi kwa gramu chache. Sharti amzidi aliyetangulia kwa angalau nusu ya asilimia moja ya uzito wake.

Matokeo ya ukali huo ni kwamba orodha haina budi kuwaacha nje baadhi ya samaki wakubwa zaidi waliopata kuvuliwa. Anayetambuliwa kwa nduaro mweusi ni Alfred Glassell, aliyevua samaki wa kilo 707 na ushei karibu na Cabo Blanco, nchini Peru, tarehe 4 Agosti 1953. Rekodi hiyo imedumu kwa zaidi ya miaka 70. Lakini mwaka wa 1970 chombo cha nahodha Cornelius Choy kilirejea Honolulu, visiwani Hawaii, na nduaro wa kilo zipatazo 819. Samaki huyo alimzidi yule wa Glassell kwa zaidi ya kilo 100, ila zaidi ya mtu mmoja walikuwa wameshika ufito wakati wa kumvuta, na kwa hivyo hakuandikwa. Mwaka wa 1976, Clive Green alivua papa mweupe wa zaidi ya kilo 1,500 huko Albany, Australia. Orodha iliendelea kumtambua Alf Dean kwa papa wake wa kilo 1,208 aliyemvua Ceduna mwaka wa 1959, kwa sababu Green alikuwa ametumia nyama ya nyangumi kuwa chambo.

Mkasa wa karibuni zaidi ulitokea Juni 2023 katika mashindano ya kila mwaka ya kuvua nduaro huko Morehead City, North Carolina. Mashua moja ilileta nduaro wa kilo zipatazo 281, mzito kuliko wote walioletwa. Waamuzi walipomkagua waliona kwamba papa alikuwa amemng'ata kabla hajatolewa majini. Samaki aliyejeruhiwa na mnyama mwingine huhesabiwa kuwa amedhoofishwa, hivyo akakataliwa, na wenye mashua wakakosa tuzo ya takriban dola milioni 3.5, yaani karibu nusu bilioni za shilingi zetu kwa kiwango cha wakati huo.

Msomaji mwenye huruma atasema huu ni ukatili. Mimi nasema hapana. Septemba 2022, katika mashindano ya maji baridi kwenye Ziwa Erie huko huko Marekani, mwamuzi alipasua matumbo ya samaki waliokuwa wakielekea kushinda, akakuta ndani vipande vya risasi, yale madini ambayo wavuvi wetu huyatumia kutengenezea chubwi. Wavuvi wawili walipelekwa mahakamani, wakakiri makosa mwaka uliofuata. Penye tuzo na sifa, hila haikosi kubisha hodi. Mtu akilegeza kanuni kwa kumhurumia mmoja mkweli, amewafungulia mlango waongo kumi.

Walimu wa fasihi bila shaka wamekwisha kumkumbuka mzee Santiago. Katika riwaya fupi ya Ernest Hemingway, The Old Man and the Sea, iliyochapishwa mwaka wa 1952, mvuvi huyo maskini wa Cuba anakaa siku 84 bila kupata samaki, kisha ananasa nduaro mkubwa ajabu. Anapambana naye kwa mshipi wa mkononi hadi anamshinda, lakini akiwa njiani kurudi papa wanamla samaki akabaki mifupa. Yamkini ndiye samaki mashuhuri zaidi katika fasihi ya karne iliyopita. Naye, kwa kanuni tulizozitaja, angekataliwa mara mbili: kwanza kwa kuvuliwa bila ufito, pili kwa kung'atwa na papa. La kustaajabisha ni kwamba Hemingway mwenyewe alikuwa mmoja wa makamu wa rais wa IGFA kwa miaka mingi. Mtu huyo aliyezuru Kenya katika miaka ya 1930 na tena katika miaka ya 1950, akavua hata katika bahari yetu, alizijua kanuni hizo vizuri sana alipokuwa akiiandika hadithi yake.

Katika kurasa za mwisho za riwaya hiyo mna mambo mawili ambayo naomba tuyazingatie. La kwanza, asubuhi Santiago anapokuwa amelala hoi, mvuvi mwenzake anaupima uti wa samaki yule na kutangaza kwamba ni futi 18, takriban mita 5.5. Wavuvi wa kijiji wakaelewa kilichotokea, na mzee akapewa heshima yake. La pili, watalii wanauona uti huo majini, wanamwuliza mhudumu wa mkahawa ni kitu gani, naye akijaribu kueleza kwa lugha asiyoimudu anataja papa, akimaanisha waliomla. Watalii wanaondoka wakiamini wameona mifupa ya papa. Samaki amepoteza hata jina lake, na pamoja na jina hilo umepotea ushindi wa mzee.

Hapa ndipo isimu inapoingia. Kila rekodi, ukiichunguza, ni sentensi moja: fulani alivua samaki wa aina fulani, mwenye uzito fulani, mahali fulani, tarehe fulani, kwa zana fulani. Kanuni zote nilizozieleza zipo ili kuthibitisha neno moja baada ya jingine katika sentensi hiyo. Mizani inathibitisha uzito. Picha inathibitisha aina. Kipande cha mshipi kinathibitisha zana. Na sharti la kutosaidiwa linathibitisha mtenda, kile kiambishi kidogo kinachotangulia kitenzi. Orodha ya kimataifa inakubali "a-livua" tu. Samaki wa Honolulu alikosa kuandikwa kwa sababu sentensi yake ya kweli ilikuwa "wa-livua". Mwanafunzi anayelalamika kwamba viambishi vya nafsi ni mambo madogo na akumbuke kwamba kuna kilo 819 zilizozama kwa ajili ya kimoja.

Sasa na turudi nyumbani. Nina ami yangu, mzee wa kijiji kimoja karibu na Mida, ambaye katika ujana wake alikuwa baharia katika mashua za kukodiwa na watalii wa kuvua. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka kunywa chai katika hoteli moja ya huko pwani ambayo sitaitaja jina. Ukutani palikuwa na picha za samaki wakubwa walioning'inizwa, na kando ya kila mmoja mgeni aliyejaa tabasamu. Chini ya kila picha paliandikwa jina la mgeni, uzito kwa ratili na tarehe. Ami alisimama mbele ya picha moja ya mwaka wa 1981 kwa muda mrefu. Nduaro alikuwa katikati, mgeni kulia kwake. Upande wa kushoto, pale picha ilipokatwa ili iingie katika fremu, palibaki mkono mmoja mweusi ulioshika pezi la samaki.

"Ule ni wangu," akasema, akaufungua mkono wake wa kulia ili niuone. Kovu la mshipi lililopita kiganjani hadi chini ya kidole gumba lilionekana katika picha na katika mkono ule ule mbele yangu.

Nilikasirika kwa niaba yake, kama tufanyavyo sisi wasomi. Yeye hakukasirika. Akanieleza kwa upole kwamba samaki alikuwa wa mgeni kwa haki, kwa maana mgeni ndiye aliyeshika ufito kwa zaidi ya saa mbili na hakuna aliyemsaidia. Kazi ya baharia, alisema, huanza pale ambapo kipande cha mwisho cha mshipi, kile kilicho karibu na ndoana, kinapofika mkononi mwake. Hapo humvuta samaki hadi ubavuni na kumtia kulabu. Hata kanuni za kimataifa zinaruhusu hayo. "Fimbo ilikuwa yake, mwanangu. Mimi nilikuwa mkono."

Ndipo nilipomwuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kuvua nduaro mkubwa kuliko yule. Akacheka. Akasema aliwahi, kwa mshipi wa mkono, akiwa na ndugu yake mmoja katika mtumbwi, na walimvuta tangu alfajiri mpaka jua la adhuhuri. Alikuwa na uzito gani? Hakupimwa. Walipofika ufuoni wachuuzi walikuwa wakisubiri, samaki akakatwa vipande, akauzwa kwa mafungu, na kufikia alasiri palibaki damu mchangani na mbwa wawili. Wajukuu wake wakisimuliwa kisa hicho hudhani ni ngano ya kuwalaza.

Nami kama msomi nina wajibu wa kukiri jambo ambalo haliniridhishi. Nampenda ami yangu na ninamwamini, lakini siwezi kusimama mbele ya wanafunzi wangu nikasema kwamba samaki wake alimzidi yule wa ukutani. Sina kilo, sina tarehe, sina shahidi isipokuwa ndugu yake ambaye Mungu amekwisha kumwita. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya ami imepotea kwa njia hiyo hiyo, na hakuna mzungu wala hoteli niwezayo kulaumu.

Nionavyo mimi, makosa yetu katika jambo hili ni ya aina mbili. Wapo wanaosema kwamba orodha ya kimataifa inatudhulumu kwa kukataa mshipi wa mkono. Hiyo si dhuluma. Ule ni mchezo wao na mchezo una kanuni, kama vile bao la mkono halihesabiwi katika kandanda hata likiwa zuri namna gani. Wapo pia wanaosema kwamba mambo ya rekodi ni anasa za matajiri, hayatuhusu. Hao nao wanakosea, kwa kuwa wanachanganya tuzo na kumbukumbu. Tuzo yaweza kuwa anasa. Kumbukumbu ni haja ya kila jamii inayotaka watoto wake wajue kwamba baba zao walikuwa mahodari.

Kwa hivyo napendekeza kwamba tuwe na daftari letu. Kila ufuo wenye chama cha wavuvi, kuanzia Vanga hadi Kiunga, uweke kitabu kimoja kigumu cha kuandikia samaki wa ajabu wanaoletwa pale. Pasiwe na tuzo wala ada. Kitabu hicho kiandike mambo yafuatayo: jina la samaki kama linavyotamkwa pale ufuoni, uzito, urefu, mahali alipovuliwa, tarehe, zana na chambo, na majina ya watu wote waliokuwa chomboni, kila mmoja na kazi aliyoifanya. Yule aliyeshika mshipi, aliyeshika usukani, aliyetia kulabu na kijana aliyekuwa akikumba maji, wote waandikwe. Daftari la kimataifa linasema "alivua". Daftari letu liruhusu "walivua", kwa sababu ndivyo uvuvi wa mtumbwi ulivyo.

Tuige kwao kile kilicho bora, nacho ni ukali wa ushahidi. Samaki apimwe nchi kavu kabla ya kisu cha mchuuzi kumgusa. Mizani iwe ile iliyopigwa muhuri na maafisa wa vipimo, ambayo kwa mujibu wa sheria mfanyabiashara anapaswa kuwa nayo. Mizani ikiwa ndogo kuliko samaki, utepe wa fundi cherehani utatosha kupima urefu. Kwa samaki wenye pua ndefu tupime kutoka ncha ya taya la chini hadi penye panda ya mkia, kwa maana pua yaweza kuwa imevunjika. Mashahidi wawili wasiokuwa wa chombo hicho watie sahihi, na aliyepima aandike jina lake. Asiyekuwa na ushahidi asiandikiwe uzito, hata awe mzee wa mtaa.

Suala la jina la samaki lataka uangalifu wa pekee. Yule samaki mwenye pezi kubwa la mgongoni mithili ya tanga huitwa sulisuli na baadhi ya wavuvi, na wengine humwita mbasi. Neno nduaro nalo ufuo mmoja hulitumia kwa upana kuliko ufuo mwingine. Kamusi zetu mara nyingi hufasiri majina haya kwa maneno matatu, "aina ya samaki", kisha zikanyamaza. Mwanafunzi wa Kimvita, wa Kiamu, wa Kibajuni au wa Kivumba anayekaa ufuoni na kalamu, akaandika jina analolitamka mvuvi huku samaki akiwa mbele yao na kipimo chake kimethibitishwa, atakuwa ameifanyia kazi ya isimu ambayo sisi wa vyuo vikuu tumeilimbikiza kwa miaka mingi bila kuimaliza. Jina bila samaki ni sauti tupu, na samaki bila jina atakuwa kama yule wa Santiago mbele ya watalii.

Najua pingamizi zitakuwapo. Wa kwanza atasema kwamba kusifu samaki wakubwa ni kuwachochea watu wawaue mama wazazi, kwani nduaro wakubwa kupita kiasi huwa majike. Hoja hii ni nzito, na hata wenye orodha ya kimataifa wameitambua. Tangu mwaka wa 2011 IGFA ina rekodi za urefu, ambapo samaki hupimwa kwa kifaa maalum, hupigwa picha na kurudishwa majini akiwa hai. Huku kwetu nako wavuvi wengi wa michezo siku hizi humtia nduaro kitambulisho na kumwachilia, ili akivuliwa tena wanasayansi wajue alikokwenda. Daftari nilipendekezalo halina tuzo, basi halimpi mtu sababu ya kuua asiyemhitaji. Litamwandika samaki aliyekuwa akivuliwa hata hivyo kwa ajili ya riziki, na aliyeachiliwa ataandikwa kwa urefu wake.

Wa pili atasema kwamba mvuvi anahitaji injini, barafu na soko, wala si kitabu. Ni kweli kwamba anahitaji vitu hivyo, na serikali isijifiche nyuma ya makala haya. Lakini kumbuka kwamba baharia kama ami yangu, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika mashua za watalii, aliacha kazi bila karatasi hata moja inayoonyesha alichokijua. Kijana atakayeweza kuonyesha ukurasa wenye jina lake na sahihi za mashahidi atakuwa na la kumwambia mwajiri anapodai ujira unaolingana na ujuzi. Chanda chema huvikwa pete, lakini kwanza sharti kijulikane ni cha nani.

Wa tatu atatabasamu na kusema kwamba wavuvi ni watu wa chumvi nyingi katika mazungumzo. Huyo simpingi. Ndiyo sababu nimedai mizani na mashahidi.

Nawageukia sasa walimu, hasa wa shule zilizo karibu na bahari. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi watoke darasani wakafanye miradi katika jamii. Mradi huu hauhitaji fedha za wafadhili. Unahitaji daftari, kalamu, utepe, na adabu ya kumsalimu mzee kabla ya kumwuliza. Mwanafunzi atajifunza hisabati akigeuza ratili kuwa kilo, sayansi akitofautisha nguru na songoro, na Kiswahili akiandika maelezo ambayo mtu asiyekuwapo ataweza kuyaamini. Stadi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu zaidi, na wengi wanaofika katika chuo kikuu hawanayo.

Mimi nimekwisha kuanza. Likizo iliyopita nilinunua daftari moja la jalada gumu nikalipeleka Mida. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la ami yangu na la marehemu ndugu yake, nikaandika nduaro, mshipi wa mkono, mtumbwi, na jina la mwamba kama alivyolitamka. Penye uzito hapana kitu. Penye mashahidi hapana kitu. Ami aliutazama ukurasa ule, akaniuliza kwa nini sikujaza kilo, ilhali amenieleza samaki alikuwa mkubwa kiasi gani. Nikamwambia kwamba kanuni hairuhusu. Akafikiri kidogo, akakubali, kisha akamwita mjukuu wake wa darasa la sita, akamkabidhi daftari lile na kumwonyesha ukurasa wa pili.